Nilinunua German Shepherd bila karatasi, nikanunua mwingine mwenye karatasi: uzoefu wangu

Kila siku mtu anauliza kama kuna haja ya kuongeza pesa ndio upate papi aliyesajiliwa, na majibu mengi ni yale yale, ati karatasi haibweki, mbwa ni mbwa. Mimi nimepitia pande zote mbili kwa hivyo wacha niandike venye ilikuwa, itakuwa ndefu kidogo mnivumilie.

Wa kwanza ni Simba, tulimnunua 2021. Tulikuwa tumehamia Ruiru kwa ploti yetu, ukuta haujaisha, na mzee wangu anafanya kazi ya usiku, mimi nabaki na watoto wawili. Nikapata muuzaji, akanitumia video ya papi sita wanacheza kwa nyasi, akasema hao ni pyua kabisa, baba yao ametoka Ujerumani, bei 22,000. Nikamuuliza karatasi. Akaniambia, "Madam usijali, karatasi zinashughulikiwa, wewe chukua mtoto nitakutumia." Nikalipa kwa M-Pesa, papi akaletwa jioni na bodaboda akiwa ndani ya katoni, na hiyo ndio ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho mimi kuonana na kitu chochote cha huyo mtu. Mama wa Simba sijawahi kumuona, baba sijawahi kumuona, karatasi hazijafika mpaka leo na ile namba haipatikani.

Na Simba ni mbwa mzuri, hiyo lazima niseme. Masikio yalisimama mapema, mgongo mweusi, mtoto wangu mdogo alijifunza kutembea akimshika manyoya. Lakini alipofika miezi saba nikaanza kuona akikimbia anarusha miguu ya nyuma yote miwili pamoja kama sungura, na asubuhi anaamka anakaa tena, anaamka anakaa. Mlango wetu una ngazi tatu tu, ikafika mahali anasimama chini anatuangalia. Nikampeleka kwa daktari akapigwa eksirei.

Daktari alinionyesha ile picha kwa mwanga. Kichwa cha mfupa wa paja kinatakiwa kuingia ndani ya nyonga vizuri, kama mchi kwa kinu. Kwa Simba kinu chenyewe hakina kina, ni kama kisahani, kwa hivyo mfupa unateleza na kusagana kila akitembea. Wanaita dispilasia ya nyonga. Akaniuliza swali moja tu, "Wazazi wake walipigwa eksirei ya nyonga?" Sikuwa na jibu juu hata majina yao sikuyajua. Akanieleza kwamba hiyo hali inarithiwa sana kwa mbwa wakubwa kama hawa, ingawa chakula pia kinachangia, mtoto akinenepeshwa haraka nyonga zinaumia zaidi, na kweli mimi nilikuwa namlisha sana nikitaka akue. Hiyo sehemu naibeba mwenyewe. Operesheni ya kubadilisha nyonga bei yake hatungeweza, kwa hivyo Simba anaishi kwa dawa za maumivu, chakula cha kupimwa na matembezi mafupi. Niliwahi kulia nikiwa nampandisha zile ngazi tatu na taulo chini ya tumbo.

Sasa 2024 tukaamua kutafuta wa pili, na safari hii nikaanza kwa kusoma kwanza hizo karatasi ni nini hasa. Hapa Kenya usajili unafanywa na East Africa Kennel Club, wako pale Jamhuri Park, Nairobi. Mfugaji anasajili mzao mzima, na lazima baba na mama wawe wamesajiliwa tayari, ndio kila papi apate namba yake na ile chati ya ukoo, pedigri, inayoonyesha wazazi, babu na bibi, mpaka juu. Ni hayo tu. Hakuna mahali imeandikwa mbwa ni mzima. Hata American Kennel Club, ambao wameanza 1884 na wanasajili mbwa wengi ajabu, wanasema wazi kwamba usajili wao si dhamana ya afya wala ubora. Karatasi inasema huyu ni mtoto wa nani, basi.

Kwa hivyo kama mtu anakwambia papi wake ni mzima kwa sababu ana karatasi, huyo anakuuzia kitu ambacho karatasi yenyewe haijasema.

Mfugaji wa kwanza niliyemtembelea alikuwa na bei mbili kwa watoto wa mama mmoja, 30,000 bila karatasi na 50,000 ukitaka karatasi. Nikamuuliza tofauti ni gani, akasema hakuna, ni hiyo karatasi tu. Mimi hiyo kitu ilinikaa vibaya. Kama umeshasajili mzao, karatasi ni ya mtoto, inafaa iende na mtoto. Ukianza kuiuza kando inamaanisha kuna watoto wanatoka hapo bila jina, na mwaka mmoja na nusu baadaye hao ndio wanapandishwa mitaani na kuuzwa "pyua, karatasi zinashughulikiwa", na hapo ndipo Simba wangu alitoka nina hakika. Niliondoka.

Wa pili alikuwa na banda safi sana, mbwa wanang'aa, karatasi zote ziko kwa faili, na papi nilimpenda hapo hapo, kadume kamoja kalikokuja kunilalia mguuni. Mume wangu alikuwa tayari ameshika simu atume depoziti. Nikaomba tu nikae na ile pedigri dakika kumi. Nikaanza kusoma majina upande wa baba, halafu upande wa mama, na nikaona jina la babu ni lile lile. Baba wa baba na baba wa mama ni mbwa mmoja. Maana yake wazazi wa huyo papi ni ndugu wa baba mmoja. Ukipiga hesabu, kama mama zao hawana undugu, hiyo ni asilimia 12.5 ya kuzaliana ndani kwa ndani, na kama huyo babu ana kasoro yoyote iliyojificha, mtoto anaweza kuipokea kutoka pande zote mbili. Nikamuuliza mfugaji, akasema hiyo ni kawaida, ndio namna ya kushika sura na rangi. Na kusema ukweli kwa hii aina si kitu kigeni. German Shepherd namba 1 kwenye kitabu chao cha Ujerumani anaitwa Horand von Grafrath, aliandikwa 1899 na Max von Stephanitz, aliyekuwa afisa wa jeshi la farasi, na Horand na wanawe walitumika sana kupandisha ndani ya ukoo wao ili sura ishike. Nilielewa. Lakini nikauliza basi huyo babu eksirei yake ya nyonga iko wapi, na haikuwepo. Tuliondoka bila papi, watoto hawakufurahi hata kidogo njia yote.

Na hapo ndipo nilibadilisha mawazo kuhusu karatasi. Bila ile pedigri ningemnunua huyo mtoto siku hiyo hiyo na nisingejua chochote. Ni kama unanunua shamba, unapewa namba ya hati ndio uende ufanye sachi. Mwenye hana namba utasachi nini?

Wa tatu ni mzee mmoja kule Limuru, anazalisha mara chache sana, na ilibidi tungoje miezi mitano. Kabla hata hatujaona papi alituketisha akaanza kutuhoji sisi. "Mama, huyu mbwa atalala wapi? Nani atakuwa naye mchana? Mmewahi kufuga?" Nikamwambia habari ya Simba yote, akanyamaza kidogo halafu akaenda kuleta faili. Eksirei za nyonga za mama na za baba, zimesomwa na kupewa alama, kuanzia A ambayo ni nyonga safi mpaka E ambayo ni mbaya kabisa. Mama alikuwa A, baba B. Pia kipimo cha damu cha ule ugonjwa wa uti wa mgongo unaowapoozesha hawa mbwa miguu ya nyuma wakizeeka, wote wawili wazima. Na namba za usajili kwenye zile ripoti zilikuwa ni zile zile kwenye pedigri, nilizilinganisha moja moja na kidole, na yeye hakukasirika, alinisaidia kusoma zile ndogo. Mama wa papi alikuwepo hapo, akaja akaninusa mkono akalala.

Tulilipa 60,000. Malkia alikuja nyumbani akiwa na wiki tisa, chanjo ya kwanza ya parvo na distempa ameshapata, kadi ina stika na sahihi ya daktari, na mzee akanikumbusha zirudiwe kila wiki tatu hivi mpaka afike wiki kumi na sita, na ya kichaa cha mbwa akifika miezi mitatu. Karatasi ya usajili nilipewa siku hiyo hiyo mkononi, na kubadilisha jina la mwenyewe lije kwangu tulijaza naye pale mezani.

Wanaosema karatasi ni ya wale wanaoenda maonyesho tu, mimi sikubaliani nao, sijawahi kwenda maonyesho na Malkia hatazalishwa. Ila pia nikipata papi ana karatasi na wazazi hawana eksirei, silipi, heri nichukue koko kutoka kwa jirani, mbwa ambaye mama yake namuona kila siku akiruka ua akiwa na miaka tisa.

Malkia alipofika mwaka mmoja nilimpeleka kwa daktari yule yule wa Simba, akamlaza akampiga picha ya nyonga. Nilikaa nje roho mkononi. Majibu yalikuja B. Nilimpigia mzee wa Limuru kumwambia, nikidhani atafurahi tu tuagane, kumbe yeye alitaka nakala. Akasema anaweka picha za watoto wote pamoja na faili la mama, wanne walikuwa wamesharudisha na wawili bado, na hatampandisha mama tena mpaka hao wawili wajibu. Nikamtumia usiku huo huo, na ya Simba pia akaomba aione.