CD ya nyimbo za kaboi za TV, angalia nani anaimba kabla hujalipa

Jamani nyimbo za kufungulia vile vipindi vya kaboi vya zamani mimi nazipenda kupita maelezo, kwahiyo nilivyoiona hii CD mtandaoni, nyimbo 30, nikalipa siku hiyohiyo hata maelezo sikuyamaliza.

Imefika nikaanza na Bonanza, ule wa 1959 waliotunga Jay Livingston na Ray Evans, na dakika haijaisha moyo ukaingia baridi. Ule wenyewe gitaa linakimbia kama farasi anashuka mlima, tiritiri tiritiri halipumui, tarumbeta zinakuja juu yake huku ile ramani ya mwanzo wa kipindi inaungua kutokea katikati mpaka unawaona kina Cartwright, ile familia ya kwenye kipindi, juu ya farasi. Hapa gitaa wamelificha huko nyuma, mbele wameweka kinanda cha umeme, na spidi wameipunguza, farasi anatembea tu.

Rawhide ndo imeniuma kabisa. Muziki ni wa Dimitri Tiomkin na maneno ni ya Ned Washington sawa, ila wimbo ule bila Frankie Laine haupo, ile sauti ya mtu aliyeshinda anaswaga ng'ombe juani vumbi limejaa kooni, na mjeledi unalia paa! Kwenye CD anaimba mtu mwingine, sauti laini kama anambembeleza mtoto, na mjeledi hamna. Ndo nageuza kava naona kwa maandishi madogo sana kwamba zimerekodiwa upya, na kwenye tangazo la muuzaji hilo neno halikuwepo popote, hiyo sio haki.

Kilichotoka vizuri ni Lone Ranger, na sababu ipo, ule muziki haukutungiwa TV, ni wa Rossini kwenye opera yake ya William Tell ya 1829, kwahiyo okestra yoyote inayojua kazi ikiupiga unasimama. Nyota mbili nilizotoa ni za huo.

Kama na wewe unatafuta hizi nyimbo tazama orodha, ukikuta jina la kipindi tu na mwimbaji hajatajwa, muulize muuzaji kwanza. Rawhide nimeshainunua tena peke yake, ya Laine mwenyewe, na tangu asubuhi inapiga hapa jikoni, mjeledi ukilia mpaka mtoto anaruka.