Makofi ya kuua mbu: uzoefu wangu na watazamaji wa Strictly Come Dancing

Nyota tatu kati ya tano. Strictly Come Dancing ni shindano la dansi la runinga ya BBC, ambamo watu mashuhuri hucheza na wacheza dansi wa kulipwa. Wachezaji, bendi na majaji ningewapa nne na nusu bila kusita, lakini leo siwazungumzii wao. Nawazungumzia watu walioketi kuizunguka ile sakafu, wanaoshangilia hata mchezaji akipandisha mkanda wa suruali.

Nilifika Uingereza Septemba 2020 nikitokea Tanga. Wakati mbaya wa kuhamia popote. Kazi niliyopata ilikuwa ya zamu kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa Leicester, na zamu yangu ya Jumamosi jioni ilikuwa na kazi moja isiyoandikwa kwenye mkataba: kuhakikisha runinga ya sebuleni iko BBC One kabla mtu hajaanza kunung'unika. Palikuwa na bibi mmoja, umri umeshavuka tisini, aliyecheza dansi za kumbi tangu usichana wake. Aliniita "bata wangu". Ndivyo watu wa Leicester wanavyoitana kwa mapenzi, ila wiki ya kwanza nilidhani natukanwa. Huyo bibi ndiye aliyenifundisha kutazama. Usitazame sura, aliniambia, sura zinadanganya. Tazama visigino.

Bahati yangu, au bahati mbaya yangu, msimu huo wa 2020 haukuwa kama mingine. Kwa sababu ya korona watazamaji waliruhusiwa wachache sana na wameketishwa mbalimbali, majaji walikuwa watatu badala ya wanne, kila mmoja na meza yake. Aliyeshinda alikuwa Bill Bailey, mchekeshaji wa miaka 55, na mwenzake Oti Mabuse. Mimi nilidhani ndivyo kipindi kilivyo siku zote. Nilisikia viatu vikikwaruza sakafu. Nilisikia hata mchezaji akivuta pumzi mwishoni mwa jaivu, ile dansi ya kasi. Waltzi ikichezwa, sebule nzima ya wazee ilikuwa kimya na mimi nimeshika sahani ya biskuti nimesahau kuigawa.

Halafu ukaja 2021, milango ikafunguliwa.

Nilidhani runinga imeharibika. Kweli kabisa, nilinyanyuka nikaenda kupunguza sauti, bibi akacheka akasema, bata wangu, hao ndio wamerudi. Tangu wimbo wa kufungulia hadi majina ya mwisho ilikuwa hoihoi moja ndefu. Mchezaji akishuka ngazi, vifijo. Akifungua kifungo cha shati, mayowe. Mwanamume akimnyanyua mwenzake juu, ukumbi unalia kana kwamba mtoto ameokolewa kisimani, hata kama amemnyanyua kama gunia la mkaa na kumshusha vivyo hivyo. Mwisho wa dansi wote wamesimama. Siku hizi kusimama hakuna maana yoyote, maana wanasimama kwa kila mtu. Nani atajua aliyecheza vizuri?

Kero yangu kubwa ni makofi katikati ya dansi. Waltzi inahesabiwa tatu: moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, na uzuri wake wote uko kwenye ile mbili na tatu, pale mwili unapopanda na kushuka kama mashua. Sasa watu mia kadhaa wanaamua kusaidia. Makofi yao yanaangukia "moja" kwa uzito wa mchi kwenye kinu, halafu yanachelewa kidogo, halafu walioketi nyuma wanachelewa zaidi ya walioketi mbele. Bendi ya Dave Arch inapiga moja kwa moja pale pale, wanamuziki wa kweli na waimbaji wa kweli, na wanafunikwa na makofi ya watu waliopewa viti bure. Rumba nayo hivyo hivyo. Niseme kwanza kwamba rumba yao si ile yetu. Mimi nikisikia rumba nasikia Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, magitaa ya Tanga. Ya hawa ni ya polepole, ya nyonga na kutazamana, kama ugomvi wa mke na mume ambao hawajaamua kuachana. Dansi ya namna hiyo unaipigiaje makofi?

Mwaka 2024 mama alikuja kunitembelea kwa miezi sita, Agosti hadi Februari, akaupata msimu mzima, maana huanza Septemba na kumalizika Desemba. Mama Kiingereza chake ni cha salamu na bei. Nilimwashia maandishi ya chini ya skrini nikijidanganya kwamba atajifunza mawili matatu. Alijifunza mawili kweli: neno la makofi na neno la vifijo, maana ndiyo yaliyokuwa yakiandikwa kwa herufi kubwa kila baada ya sekunde chache. Jumamosi ya pili alinigeukia, kanga begani, akasema, "Mwanangu, hawa wanapiga makofi kama wanaua mbu."

Mama si mtu wa kusemea asichokijua. Usichana wake ameumalizia kwenye taarab ya Lucky Star na Black Star pale Tanga, na babu yake alikuwa mtu wa beni, upande wa Marini, enzi zile Marini na Arinoti walivyokuwa wakishindana kwa ngoma, sare na matarumbeta, na mashabiki wao wakichukiana barabarani. Kwa hiyo mashindano ya dansi yenye majaji na mashabiki hayakumshangaza hata kidogo. Kilichomshangaza ni kelele zisizo na mahali pake. Kwenye taarab, alinieleza, hunyanyuki ovyo. Unasubiri ubeti ukuguse. Ukikugusa unainuka na noti yako, unakwenda taratibu kwa mwendo wa wimbo, unamtunza mwimbaji, unarudi kitini, na ukumbi mzima umeshajua maneno yale yamekupata wewe na labda jirani yako. Ukipiga kelele wakati mwimbaji yuko kwenye maneno, utaambiwa unyamaze, tena si kwa upole.

Palipotuunganisha mimi na mama kabisa ni kwa Craig Revel Horwood. Huyu ni jaji aliyekuwapo tangu msimu wa kwanza mwaka 2004, na kazi yake ni kusema ukweli mchungu. Hajafungua kinywa, wameshaanza kumzomea. Mama aliuliza amefanya nini. Nikamtafsiria: amesema kidole gumba kimekaa vibaya. "Si ni kweli?" Ni kweli. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba kuzomea huko si hasira. Waingereza hujifunza wakiwa wadogo, kwenye michezo ya kuigiza ya Krismasi ambako watoto hupelekwa makusudi wamzomee mwovu, na Craig mwenyewe huigiza waovu hao jukwaani. Kwa hiyo ni mchezo, wote wanaujua. Sawa. Lakini Shirley Ballas, jaji mkuu tangu 2017, akianza kueleza kisigino kinavyopaswa kutua, na ndilo somo ambalo mimi na bibi yangu tungelilipia, sentensi yake humezwa na shangwe kabla haijafika kwenye kisigino. Motsi Mabuse naye badala ya kuwatuliza huruka kitini na kujiunga nao. Nampenda Motsi. Lakini wewe ni jaji, dada.

Niwe mwadilifu. Wiki ya Blackpool, kipindi kinapohamia kwenye ukumbi wa mnara wa mji huo, huwa nawasamehe. Ukumbi huo ulifunguliwa kwa sura yake ya sasa mwaka 1899, sakafu yake ina vipande 30,602 vya mbao za mkangazi, mwaloni na mjozi, na inanesa chini ya miguu. Bibi alicheza pale ujanani na alikuwa akiitamka Blackpool kama mama anavyoitamka Pangani. Kule kelele hupanda hadi darini na kurudi chini zikiwa zimelainika. Zinakuwa sehemu ya jengo. Kwenye studio za Elstree, kinakofanyikia kipindi wiki nyingine, zinakupiga usoni.

Na kuna usiku mmoja wa Novemba 2021 ambao kila nikiukumbuka naona aibu kulalamika, kisha nalalamika zaidi. Rose Ayling-Ellis, mwigizaji kiziwi, wa kwanza kushiriki, alikuwa akicheza na Giovanni Pernice. Katikati ya dansi muziki ulikatwa. Hawakusimama. Waliendelea kucheza sekunde kadhaa bila noti hata moja, hatua kwa hatua, kisha muziki ukarudi na kuwakuta pale pale walipostahili kuwa. Sebuleni kwetu wazee wawili walidhani betri za visaidizi vyao vya masikio zimekwisha. Bibi aliyaona machozi yangu akanipa kitambaa chake. Mwaka uliofuata tukio hilo lilipata tuzo ya BAFTA, zile tuzo za filamu na runinga za Uingereza, ya kura za watazamaji, na Rose na Giovanni walikuwa wameshashinda shindano lenyewe. Mimi nilibaki na swali la mtu mroho: kumbe mnaweza kunyamaza?

Msimu aliokuwapo mama alishinda Chris McCausland, mchekeshaji asiyeona, pamoja na Dianne Buswell. Mama alikuwa akimwombea dua kabisa. Wakati wa waltzi yake, ambayo nayo ilikuja kupata tuzo hiyo hiyo ya BAFTA mwaka 2025, nilikuwa nawaza jambo moja tu: mtu huyu anaongozwa na mkono wa mwenzake na muziki. Mkono hawawezi kumnyang'anya. Muziki je?

Sasa niseme ya kwangu, maana nisiposema mtu atanisemea. Mwaka jana rafiki wa kazini alipata viti viwili vya kurekodi shindano jingine la dansi la runinga, dogo, jina nalihifadhi. Nikaenda nimebeba kiburi changu chote. Nilijiambia nitakaa nimekunja mikono kama Craig.

Kwanza unasimama foleni saa nyingi na viatu vya kumeremeta, kwa sababu umeagizwa uvae vya sherehe. Ukiingia studio unakuta baridi. Studio ni ndogo kuliko ionekanavyo, dari imejaa taa, na juu ya vichwa vya watazamaji maikrofoni zinaning'inia. Halafu anatoka mchekeshaji wa kuchangamsha watu. Kazi yake ni kukugeuza kuwa mjinga kwa hiari yako ndani ya dakika ishirini. Tulishindanishwa upande wa kushoto na wa kulia nani anapiga kelele zaidi. Tuliombwa tupige makofi bila kitu chochote kutokea, ili kamera zipate sura zetu zikifurahi. Tuliombwa tushtuke. Tuliombwa tucheke. Jamaa mwenye vipokea sauti masikioni akipunga mikono juu, tunapaza, akiishusha, tunashuka. Halafu unasubiri. Wanapanga jukwaa, unasubiri tena. Hadi dansi ya kwanza inaanza, umekuwa kama chupa ya soda iliyotikiswa tangu asubuhi.

Na kuna jambo ambalo runinga haikuonyeshi: wale watu wako karibu. Unaona jasho. Unaona mguu unatetemeka kabla haujaenda. Binti mmoja aliyekuwa akicheza mbele yetu aliteleza kidogo, akajikamata, akaendelea, na kabla sijajua nimesimama mimi na viatu vyangu vya kumeremeta, mikono juu, nimepiga kigelegele. Si kidogo. Kile cha Tanga, cha bibi harusi akitoka ndani. Rafiki yangu Mwingereza aliruka. Safu ya mbele wote waligeuka. Yule jamaa wa vipokea sauti alininyooshea kidole gumba, na Mungu anisamehe, nikarudia.

Kwa anayetaka kujaribu na Strictly wenyewe: tiketi ni bure, zinapatikana kwa bahati nasibu kupitia BBC, na tiketi peke yake haikuhakikishii kiti kwa sababu hutolewa nyingi kuliko nafasi. Kipindi cha matokeo kinachorushwa Jumapili hurekodiwa Jumamosi usiku ule ule, kwa hiyo utaombwa kutunza siri. Wiki nyingi siri hiyo inavuja mtandaoni kabla ya saa sita ya usiku, nami sishangai. Watu hao hao wameshindwa kunyamaza wakati wa waltzi. Kwa anayetazama nyumbani, leseni ya runinga mwaka 2025 ilikuwa pauni 174.50. Ninachofanya siku hizi ni kuzima sauti dansi inapoanza, natazama visigino, kisha narudia dansi ile ile kwenye iPlayer, huduma ya BBC ya mtandaoni, nikiwa na sauti. Mara ya kwanza naona dansi, mara ya pili nasikia harusi. Bibi alifariki majira ya kuchipua ya 2023, angeniambia ninadanganya mchezo.

Lile shindano dogo lilirushwa miezi miwili baadaye. Nilimtumia mama kipande chake kwa WhatsApp bila maelezo. Hazikupita dakika tano akapiga simu.

"Aliyepiga kigelegele ni wewe."

Nikakana.

"Mimi nimekuzaa," akasema. "Na umekitoa mapema. Binti wa watu alikuwa hajamaliza kugeuka."