micro:bit V2: Kivinjari Kinaongea na Bodi Moja kwa Moja!

Assalaam alaykum watazamaji wangu, karibuni tena, nawasalimu kutoka Langoni, Lamu. Leo mezani tuna micro:bit V2, ile bodi ndogo ya kufundishia kuandika programu iliyoanzishwa na BBC kule Uingereza. Taa zake 25 mnazijua, vitufe viwili mnavijua, sina haja ya kuvirudia. Mimi leo nimewasha kamera kwa jambo moja tu: inavyounganishwa na kivinjari. Jamani, hili limenifurahisha mno, msiondoke kabla hamjaliona!

Tazameni skrini. Hii ni Chrome, na huu ni ukurasa wa MakeCode, pale tunapoandikia programu za bodi hii. Hakuna programu niliyosakinisha, hakuna draiva. Nachomeka kebo ya USB... taa ndogo nyekundu nyuma ya bodi imewaka. Sasa nabofya vidoti vitatu hapa kando ya kitufe cha kupakua, nachagua kuunganisha kifaa. Kidirisha hicho kimetokea, mnakiona? Ndani yake pameandikwa "BBC micro:bit CMSIS-DAP". Nagusa jina, nakubali. Tayari, imeunganishwa.

Hicho kidirisha ndicho roho ya mambo yote. Teknolojia yenyewe inaitwa WebUSB, na imo ndani ya Chrome tangu 2017. Ukurasa wa wavuti hauwezi kujipenyeza wenyewe kwenye USB yako. Lazima uwe ukurasa wa https, yaani wenye muunganisho salama, lazima wewe mwenyewe ubofye, na kifaa unakichagua wewe kwa mkono wako. Usipochagua, ukurasa haujui hata kama umechomeka kitu. Flashi na kibodi havimo kabisa katika mpango huu, kivinjari kimeviziba.

Haya, nimeandika programu fupi, bodi isome sauti kwa maikrofoni yake na kutuma namba. Napakua... angalieni taa... imeingia! Zamani ilikuwa mpaka upakue faili la hex, yaani programu yako iliyogeuzwa kuwa lugha ya bodi, ulitafute, uliburute uliweke kwenye diski ya MICROBIT, na ukibadilisha neno moja unaanza upya. Sasa ni kubofya mara moja.

Na utamu wenyewe huu hapa: nafungua data za kifaa, grafu inajichora palepale kwenye kivinjari. Namba zinakwenda kuanzia 0 hadi 255. Nanyamaza, mstari umelala chini. Napiga kofi, pa! Umeona ulivyoruka? Ngoja, ngoja, punda analia hapo uchochoroni... oneni mlima huo! Hiyo ni sauti imeingia kwenye bodi, ikapita kwenye kebo, ikafika kwenye ukurasa, wala sijagusa kitu. Mwalimu yeyote wa sayansi akiiona hii atajua aifanyie nini.

Tena MakeCode ukishaifungua mara moja, kivinjari kinaihifadhi. Bando likiisha unaendelea kufanya kazi.

Sasa yanayonikera. Kebo! Madukani kumejaa kebo za kuchaji tu, ndani hazina nyaya za data. Bodi itawaka, lakini kidirisha kitakuwa kitupu, na mtu ataapa bodi ni mbovu. Ukinunua, uliza kebo ya data. Na kwa nini tundu bado ni micro-USB, wakati simu karibu zote sasa ni Type-C? Tundu lenyewe liko wazi, na huku kwetu hewa ya chumvi haina huruma na chuma. Mimi naiweka kwenye kopo lenye kifuniko. Jambo jingine, msifungue MakeCode kwenye vichupo viwili, kwa sababu bodi inashikwa na kimoja tu kwa wakati mmoja.

Edge inafanya kazi. Firefox na Safari hazina WebUSB. Nilikuwa nawalaumu Mozilla, watengenezaji wa Firefox, kwa ukaidi, lakini wana hoja: vifaa vingi havikutengenezwa kukabili kurasa za walaghai. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba kupitia WebUSB ukurasa wa ulaghai ungeweza kuzungumza na YubiKey NEO, ufunguo wa usalama wenyewe! Kwa hiyo msikubali kidirisha hicho kwenye ukurasa msioujua, hata uwe umepambwa vipi.

Mtaniuliza, na ESP32, ile bodi nyingine ndogo? Ni nafuu zaidi, ina Wi-Fi, na nayo huwekewa programu kupitia Chrome, ila kwa njia nyingine, Web Serial. Kwa mtu mzima anayejenga vitu vyake, chukua hiyo. Kwa mtoto anayeanza, micro:bit, sibishani. Nje ya nchi, micro:bit peke yake ni takriban dola 15 hadi 20 za Marekani. Ukiongeza usafiri mpaka Lamu bei inauma, basi agizeni kwa pamoja, shule nzima au mtaa mzima.

Wenye simu: Chrome ya Android inaweza, mradi simu iwe na OTG, yaani uwezo wa kuchomekewa vifaa vya USB. iPhone haiwezi. Video ijayo naunganisha kwa simu tupu, bila laptopu. Kama hujajisajili, jisajili sasa, na uniandikie hapo chini una simu gani, nianze na zile mlizo nazo wengi.