Margarita ya mabungo pale Shangani

Miaka minne nilisimama nyuma ya kaunta ya hoteli moja Nungwi, nikiwachanganyia wageni vinywaji nisivyovionja hata tone. Ulimi haukujua kitu, mikono ndiyo iliyojua. Kwa hiyo niliposikia kuna mkahawa Shangani, Mji Mkongwe wa Unguja, juu darini, unaotoa kokteli zile zile bila pombe na kwa matunda ya kwetu, nikamchukua binti wa ami yangu aliyekuja na boti kutoka Pemba, tukapanda ngazi kabla ya magharibi.

Jina la mkahawa silitaji, maana nina la kulalamikia.

Tulianza na mojito. Ya Cuba ina ramu nyeupe, ndimu, sukari, nanaa na soda. Hawa wameitoa ramu wakatia maji ya mchaichai yaliyochemshwa yakapoa. Wazo zuri, wallahi. Lakini kijana aliitwanga nanaa kama kisamvu! Nanaa hubonyezwa kidogo tu, jani litoe harufu. Ukilisaga linatoa uchungu, na vile vipande vikaniziba mrija mara tatu.

Pina kolada ndiyo iliyoniudhi. Puerto Rico wanaitengeneza kwa ramu, nanasi na nazi, na ukiondoa ramu, vilivyobaki vyote vinauzwa sokoni Darajani. Binti ami, aliyekulia juu ya mbuzi ya kukunia nazi, alionja akaiweka glasi chini. "Kaka, tui la kopo hili." Nikamuuliza mhudumu, akakiri. Tui la kopo, Unguja!

Sasa margarita. Ya asili ni tekila, ndimu na pombe ya machungwa, ukingo wa glasi umepakwa chumvi. Hapa wameweka mabungo. Anayejua kazi ya mabungo ataelewa: nyama imeng'ang'ania kokwa, uzivuruge na maji weee mpaka ziachie, ndipo uchuje, na mvivu huzidisha maji. Hawa hawakuzidisha. Juisi ilikuwa nzito, rangi ya manjano iliyoiva, ndimu kidogo, barafu iliyosagwa. Ukingoni si chumvi tupu bali chumvi na pilipili, ile ile tuliyokuwa tukichovyea embe mbichi nje ya skuli. Inatangulia chumvi, pilipili inauma mdomo, kisha uchachu wa bungo unakuja kuzima moto. Binti ami alimaliza yake akahamia kwenye yangu.

Kila glasi shilingi 15,000. Kwa margarita nalipa tena. Kwa hizo nyengine, bora uteremke Forodhani ukanywe juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi; ramu yenyewe si hutokana na miwa? Basi hiyo ni mojito iliyokataa kwenda kulewa.

Wakati wa kuondoka binti ami aliuliza kama ile chumvi ya pilipili wanaiuza. Hawaiuzi. Mhudumu akamfungia kidogo kwenye karatasi, bure.