Skupu na luva kwenye boneti ya Land Cruiser 80: kazi ya fundi bodi wa Tabata

Nina Land Cruiser ya 80 yenye injini ya 1HD-T, lita 4.2, silinda sita, dizeli yenye tabo. Naishi Mafinga, nina duka la vifaa vya ujenzi, na gari hilo ndilo linalovuta trela la bati na misumari kutoka Dar. Wanaopita njia hiyo na mzigo wanaujua mlima mkali wa Kitonga. Kwa hiyo nilipotoboa boneti kuweka skupu (mdomo wa kuingiza hewa) na luva (matundu ya kutolea joto), sikuwa natafuta urembo, nilikuwa natafuta ubaridi.

Toyota hawakuziwekea gari hizi intakula, yaani kifaa cha kupoza hewa inayotoka kwenye tabo kabla haijaingia kwenye injini. Tabo inagandamiza hewa, hewa ikigandamizwa inapata moto, na hewa ya moto ni nyepesi, hivyo injini inapata pumzi kidogo. Gereji moja ya huku kwetu ilinifungia intakula juu ya injini, ikafunga boneti, ikachukua hela yake. Hawakufikiria hewa ya kuipoza intakula itatoka wapi. Intakula haipoi kwa kuwepo tu, inataka upepo wa nje upenye kwenye mapezi yake, vile vibati vyembamba kama vya rejeta. Ukiilaza juu ya injini chini ya boneti iliyozibwa, inapashwa moto na injini hiyo hiyo. Kila nikimaliza mlima, bomba linalotoka kwenye intakula kwenda kwenye injini lilikuwa halishikiki.

Dereva mwenzangu ndiye aliyenielekeza kwa fundi bodi wa Tabata. Wengi wangewasha grenda siku hiyo hiyo. Huyu alichukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, akautia maji yenye rangi, akaufunga kwa gundi ya karatasi kwenye dashibodi ukiwa umepinda kama herufi U. Ncha moja akaipitisha chini ya boneti, nyingine akaibandika juu ya boneti, tukatoka hadi barabara iliyonyooka tukakimbia kama kilomita 90 kwa saa. Ncha ya juu ilipokuwa theluthi ya mbele ya boneti, nyuma kidogo ya rejeta, maji yalipanda upande wake kiasi cha upana wa kidole. Maana yake hapo hewa ya juu inavuta, na tundu la luva likikaa hapo litatoa joto. Tukasimama, akaihamisha ncha hadi karibu na kioo cha mbele, tukakimbia tena, maji yakashuka upande huo huo. Akaniambia, "Bosi, umeona? Ukitoboa hapa kwenye kioo, hewa itaingia badala ya kutoka." Nimeona gari nyingi mjini zimetobolewa pale pale kwenye kioo kwa sababu panapendeza.

Skupu nayo ina kanuni zake. Hewa inayogusa bati la boneti inakwenda polepole kuliko ile ya juu yake, kwa hiyo mdomo wa skupu lazima uinuke, usilale. Ya kwangu imeinuliwa kama sentimita saba. Ni faiba, na mdomo wake una wavu wa kuzuia panzi na mawe madogo. Chini yake kuna boksi la bati la alumini linaloshuka hadi kwenye intakula, na ukingoni mwa boksi kuna mpira mnene unaokaa juu ya intakula boneti ikifungwa. Mpira huo ndio roho ya kazi yote. Hewa hupita penye wepesi. Ukiiachia mwanya pembeni itapita huko, haitahangaika na mapezi. Ukitaka kujua kama skupu ya mtu inafanya kazi au imebandikwa tu, usiiangalie kwa juu. Mwombe afungue boneti uone kuna nini chini yake.

Watu wananiuliza kama vumbi la barabarani haliingii kwenye injini kupitia skupu. Haliingii. Hewa ya skupu inapita nje ya mapezi na kuondoka. Hewa ya injini bado inapita kwenye chujio lake kama zamani. Vumbi linakaa kwenye mapezi, na unaliosha kwa maji yasiyo na presha kubwa ili yasipinde.

Matokeo kwenye mlima ni haya. Geji ya joto la ekzosi, ambayo kwa mzigo ule ule ilikuwa inapita nyuzi 680 na kunilazimisha niachie mafuta, sasa inatulia kwenye 620. Bomba la intakula nalishika kwa mkono. Hayo ni pale ninapopanda kwa mwendo. Nikikwama nyuma ya semi iliyopakia, sote tunatambaa, skupu haina upepo wa kukamata na intakula inaanza kupata joto. Hapo luva ndizo zinazofanya kazi, kwa sababu joto hupanda lenyewe bila kusubiri kasi. Unaliona likitetemeka juu ya boneti. Ningeambiwa nichague kimoja kwa mlima huu, ningechukua luva. Kwa lami ya tambarare ningechukua skupu.

Mvua za masika zilinitia wasiwasi zaidi ya yote. Chini ya luva fundi alifunga karai la bati lenye mpira wa kutolea maji unaoshuka pembeni, mbali na altaneta na boksi la fyuzi. Gari lililala nje mvua za usiku kucha na asubuhi liliwaka nilipopiga stata mara moja tu. Anayekutobolea luva bila kukuuliza maji yatakwenda wapi, mwache.

Sasa lalamiko, nalo si dogo. Kupitisha boksi la skupu walikata ubavu mmoja wa ndani ya boneti, na hawakurudishia kitu. Mbavu hizo ndizo zinazolikaza bati. Nikifika kilomita 100 boneti ilikuwa inatetemeka, na puti kwenye mguu wa skupu imepasuka mstari mwembamba kama unywele. Kazi ya laki saba na nusu, rangi ikiwemo, haipaswi kupasuka mapema hivyo. Niliporudi hawakubisha: waliunga mkanda wa chuma kuzunguka tundu, mtetemo ukaisha. Rangi bado haijarekebishwa: wanataka gari libaki pale siku nzima, na mimi biashara hainiruhusu kwa sasa. Ukienda, sema kabla ya kukata kwamba unataka fremu kuzunguka tundu.

Kwa wenye Hilux za 3.0 D-4D, zile za injini ya 1KD, skupu mnayo kutoka kiwandani; angalieni tu mpira wa chini kama haujakauka na kukatika. Kwa mwenye IST au Noah isiyo na tabo, skupu haina cha kupoza. Kama gari lako linachemsha, anza na rejeta na feni.