Kuandikiwa CV steshenari: lipia uchapaji, maneno yaandike mwenyewe

Hapa Zanzibar, steshenari nyingi za Tunguu, Mwanakwerekwe na Darajani zinawauzia wanafunzi wa vyuo seti nzima ya kuombea kazi: CV, barua ya maombi, vyeti vilivyoskaniwa, na baadhi yao hutia na karatasi za maswali na majibu ya usaili. Kwa kazi ya mashine, huduma hii ni nzuri na inafaa kulipiwa. Kwa maneno yenyewe, hapana.

Skani ndiyo bora kuliko vyote. Mashine ya mezani hutoa cheti kilichonyooka, tofauti na picha ya simu iliyopinda pembeni. Taka iwekwe dpi 200 (dpi ni kipimo cha wingi wa nukta za picha kwa kila inchi), na kila cheti kiwe PDF yake yenye jina lako. Wakiskani kwa rangi kwenye dpi 300 faili linakuwa zito, na mifumo ya maombi ya kazi huweka kikomo cha ukubwa. Kabla hujalipa, lifungue kwenye simu, ulikuze, uone kama namba ya mtihani na alama zinasomeka.

Jengine ni karatasi. Violezo vingi vya mtandaoni vimepangwa kwa saizi ya Kimarekani, sentimita 21.6 kwa 27.9, na printa zetu zinatumia A4, 21 kwa 29.7. Ukurasa ukibadilishwa baada ya kuchapa, mistari inaruka na wadhamini wako wanabaki peke yao kwenye ukurasa wa tatu. Mwambie mchapaji aweke A4 kabla hajaandika neno, herufi ukubwa wa 11 au 12. Kwa anayemaliza chuo, kurasa mbili zinatosha kabisa.

Ubovu wa huduma unaanzia hapa: mchapaji mwenye foleni hufungua CV ya mteja aliyetangulia na kuandika juu yake. Ndiyo maana waombaji kumi wana aya moja ile ile ya "lengo langu", na wakati mwengine mdhamini wa mtu mwengine anabaki chini ya ukurasa. Majina nayo huandikwa yanavyosikika. Khamis anakuwa Hamis, Mohammed anapungua "m", na cheti cha kuzaliwa kinasema vyengine. Mpe mchapaji cheti chenyewe anakili herufi kwa herufi. Kama vyeti vyako vyenyewe vinapingana, shughulikia hati ya kiapo mapema, si wiki ya usaili.

Sehemu ya fildi, yaani mafunzo ya kazini ya mwanafunzi, ndiyo inayoumiza zaidi, kwa sababu ndiyo pekee inayomtofautisha mwanafunzi na wenzake. Steshenari itaandika: "Nilifanya fildi hotelini Nungwi, miezi miwili." Mwajiri hapati kitu hapo. Andika mwenyewe: "Mapokezi, Julai hadi Agosti 2024: kuingiza wageni kwenye programu ya Opera, kupokea malipo ya kadi, kufunga hesabu za zamu ya usiku." Kazi tatu ulizozifanya kweli, kila moja ikianza na kitendo. Usitie usichoweza kukieleza, maana swali la kwanza litatoka hapo hapo.

Kwa kazi za Serikali, nenda na tangazo lenyewe mkononi. Barua itaje nafasi unayoiomba kwa jina lile lile lililotangazwa. Viambatanisho vya kawaida ni vivuli vya vyeti vya kusomea, cheti cha kuzaliwa, Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, CV na picha ndogo. Matangazo mengi yanasema wazi kwamba transkripti bila ya cheti haitozingatiwa, kwa hiyo fuatilia cheti chuoni kabla ya kufikiria uzuri wa CV.

Karatasi za majibu ya usaili usizinunue. Majibu ya kukariri yanaanguka kwenye swali la pili, pale msaili anapouliza "lini, na ulifanya nini?" Chukua kazi zile tatu za fildi, na kila moja ieleze kwa sauti kwa dakika mbili: hali ilikuwaje, wewe ulitakiwa ufanye nini, ulifanya nini, ikaishaje. Kwa mapokezi, jitayarishe kwa mgeni aliyefika saa nne asubuhi na chumba chake kitakuwa tayari saa nane mchana. Mjibu kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza. Mwenzako akuulize, akukatize katikati. Siku yenyewe chukua vyeti halisi, si vivuli tu.

Kabla hujaondoka dukani, jitumie CV kwa barua pepe katika Word na PDF, ili maombi yanayofuata uyarekebishe mwenyewe bila ya kulipa upya. Kisha muombe mchapaji afute mafaili yako mbele yako, na kwenye pipa la taka la kompyuta (Recycle Bin) pia: yana namba ya kitambulisho chako, simu za wadhamini na vyeti vyako vyote.