Aravind ya Madurai: Hospitali ya Macho Iliyokua kwa Kupanga Muda wa Daktari

Nimekuwa muuguzi wa macho mkoani Tanga kwa miaka 14, na katika muda huo nimewaona wazee wengi wakirudishwa nyumbani wakiwa bado na mtoto wa jicho kwa sababu moja kati ya mbili: daktari bingwa hayupo, au lenzi za kupandikiza zimekwisha. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya mafunzo katika Hospitali ya Macho ya Aravind, mjini Madurai, kusini mwa India, sikwenda kutazama ukubwa wa majengo. Nilitaka kujua waliwezaje kukua bila kuwaacha nyuma wasio na fedha.

Hospitali hiyo ilianza mwaka 1976 ikiwa na vitanda 11 tu. Mwanzilishi wake, Dkt. Govindappa Venkataswamy, alikuwa amestaafu utumishi wa serikali akiwa na umri wa miaka 58, na vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa ugonjwa wa baridi yabisi uliompata angali kijana, ukamfanya aache azma yake ya kuwa daktari wa uzazi. Alijifunza upya kushika kisu, akahamia kwenye macho, na kwa mikono hiyohiyo akapasua wagonjwa wanaozidi 100,000 kabla ya kufariki mwaka 2006. Mtaji hakuwa nao. Aliweka nyumba rehani, na ndugu zake wakaungana naye katika kazi. Leo Aravind ina hospitali kadhaa katika jimbo la Tamil Nadu na maeneo ya jirani, na hufanya upasuaji zaidi ya 300,000 kwa mwaka.

Siri ya ukuaji huo huonekana ndani ya chumba cha upasuaji. Kila daktari ana meza mbili zilizopangwa sambamba. Anapomalizia jicho la mgonjwa wa kwanza, wa pili amekwishalazwa, ganzi imekwishashika, na uso wake umefunikwa kitambaa chenye tundu moja la jicho. Daktari hugeuza kiti, muuguzi huvuta mkono wa hadubini hadi juu ya meza ya pili, na kazi huendelea bila mtu kuambiwa la kufanya. Nilisimama pembeni nikitazama saa ya ukutani, na mara nyingi dakika 10 hazikutimia baina ya jicho moja na jingine. Haraka sikuiona. Mikono ilikwenda kwa utulivu wa fundi anayedarizi kofia, na kilichoondolewa ni kungoja tu: kungoja mgonjwa aletwe, kungoja vifaa vitoke kuchemshwa, kungoja anayejua ufunguo wa kabati ulipo. Katika hospitali moja niliyowahi kufanyia kazi, kungoja kwa namna hiyo kulikuwa kunakula nusu ya asubuhi ya daktari tuliyemsubiri mwezi mzima.

Wanaoushikilia mpango huo ni wasichana wa vijijini, ambao hospitali huwachukua wanapomaliza shule na kuwafunza kwa miaka miwili. Wao ndio wanaopima uwezo wa kuona na presha ya jicho, wanaopima nguvu ya lenzi, na wanaomtuliza bibi anayetetemeka mlangoni. Daktari humwachia kila mmoja kazi yake, naye hubaki na ile ambayo ni yeye peke yake anayeiweza. Nikiwa muuguzi, nasema kwa moyo wote kwamba sijapata kuona wauguzi wakiaminiwa kiasi kile.

Kuhusu malipo, mgonjwa mwenye uwezo hulipa na asiye nacho hutibiwa bure au kwa ada ndogo, na hawa wa pili ndio wengi. Madaktari ni walewale kwa pande zote mbili. Tofauti ipo kwenye malazi: anayelipa hupata chumba na kitanda, na wa bure hulala kwenye mkeka ndani ya ukumbi wa pamoja. Mwanzoni jambo hilo lilinichoma, hadi nilipokumbuka kwamba wengi wa wagonjwa wangu nao hulala mkekani nyumbani kwao, na kwamba wanachokosa ni jicho linaloona.

Lenzi ilikuwa kikwazo kikubwa, kwani zilizoagizwa kutoka nje zilifikia takriban dola 100 kila moja. Mwaka 1992 wakaanzisha kiwanda chao, Aurolab, na bei ikashuka hadi dola zipatazo 10, kisha ikazidi kushuka. Kiwanda hicho hutengeneza pia moksifloksasini, dawa ya kuua bakteria inayodungwa ndani ya jicho mwishoni mwa upasuaji. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2017, uliohusisha macho zaidi ya 600,000, ulionyesha kwamba maambukizi ndani ya jicho yalipungua kutoka asilimia 0.07 hadi 0.02. Anayedhani kwamba wingi wa wagonjwa lazima uharibu kazi na azitazame takwimu hizo.

Upungufu upo. Kambi zao za macho vijijini, zilizosifiwa kwa miaka mingi, ziligundulika kuwa ziliwafikia takriban asilimia 7 tu ya waliohitaji huduma. Ndipo wakafungua vituo vidogo vya kudumu, ambako mgonjwa hupimwa kijijini na daktari huzungumza naye kwa njia ya intaneti. Vilevile, mpango huu unaufaa mtoto wa jicho, unaokwisha kwa upasuaji mmoja, kuliko presha ya macho, inayodai dawa na ufuatiliaji wa maisha.

Taasisi yao ya mafunzo, LAICO, hupokea wageni kutoka nchi nyingi. Anayejiandaa kwenda ningemshauri abebe daftari la chumba chake cha upasuaji lenye saa ya kuanza na ya kumaliza kila mgonjwa. Hilo ndilo walilonitaka nioneshe siku ya kwanza, nami sikuwa nalo.